Heri za Kumsomea Jirani

Jamani, hebu tuulizane wenyewe kwa wenyewe hapa kijiweni kabla wageni hawajaja kutuuliza: hivi sisi Wakristo wa mji huu tumepatwa na nini? Zile Heri alizozitamka Yesu mlimani, zilizoandikwa kwenye sura ya 5 ya Mathayo, nani alituambia kwamba ni za kumsomea mtu mwingine? Maana ndivyo tunavyozitumia, msinibishie. Tumekuwa kama mgonjwa aliyeandikiwa dawa na daktari, akafika nyumbani akamkamata jirani, akambana pua na kumnywesha vidonge vyote, kisha akakaa kibarazani kusubiri homa yake mwenyewe ishuke. Khaa!

Kuzijua, tunazijua. Mwamshe Mkristo yeyote saa nane za usiku, kabla hajapiga miayo ataanza kukutajia: maskini wa roho, wenye huzuni, wapole, wenye njaa na kiu ya haki, wenye rehema, wenye moyo safi, wapatanishi, na wanaoudhiwa kwa sababu ya haki. Nane kamili, bila kugugumia, kwa sababu alizikariri kwenye mafundisho ya kipaimara na mwalimu alikuwa na fimbo. Tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Wakatoliki wanasomewa kipande hichohicho kila mwaka, na vichwa vinatikiswa kuanzia benchi la mbele mpaka kwa waliosimama nje chini ya mwembe. Mdomoni zimejaa tele. Kasheshe ni pale zinapotakiwa zishuke kwenye mikono na miguu. Hapo kila mmoja anamtazama mwenzake.

Hebu chunguzeni ni nani anazitaja, na anazitaja saa ngapi. Wanaohubiri rehema ni wadaiwa, tena siku ya kulipa. Upole unasifiwa na yule aliyekukanyaga kidole. Mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo ndiye atakayekukumbusha kwamba maskini wa roho wamewekewa ufalme mbinguni. Yaani hapa Tandika chumba utakihama, lakini kule usiwe na wasiwasi. Na ndugu aliyemeza shamba la marehemu ndiye wa kwanza kusimama kwenye kikao cha ukoo akituomba tuwe wapatanishi, tusipelekane mahakamani, tusimwaibishe babu huko aliko. Makubwa haya! Kila Heri ina vipande viwili, kipande cha kazi na kipande cha zawadi, na sisi tumegawana vizuri sana: zawadi yangu, kazi yako.

Tuanze na upole, kwa sababu ndio unaoteswa kuliko zote, na unaanza kuteswa alfajiri. Panda daladala inayotoka Mbagala saa kumi na mbili na nusu, kama mlango utakuruhusu. Kioo cha nyuma kimeandikwa maneno ya kumtukuza Mungu, ubavuni kuna picha ya Mchungaji Mwema amebeba kondoo, na ndani kuna binadamu wamebanana mpaka hujui mkono unaokukuna ni wako au wa nani. Juzi mama mmoja alitoa noti ya elfu, akasubiri chenji. Kituo cha kwanza kimya, cha pili kimya. Akamgusa konda begani. Konda, huku amening'inia mlangoni, akamgeukia kwa sauti ya upendo: "Mama yangu, kuwa mpole bwana. Si mnasema wapole ndio watakaopewa nchi?"

Mama wala hakupandisha sauti. "Nchi nitapewa na Mungu, mwanangu. Mia tatu nipe wewe."

Gari zima likaangua kicheko, mpaka dereva akakosa gia. Sasa niambieni, kati ya wale wawili nani alikuwa mpole? Watu mjini wanadhani mpole ni yule anayeibiwa huku anatabasamu. Hiyo ahadi ya nchi kwa wapole haikuanzia pale mlimani. Imo tangu Zaburi ya 37, na zaburi ile inasema na mtu anayewatazama waovu wakinenepa, inamsihi asiwake hasira, atulie, aendelee kutenda mema. Hakuna mahali ilipomwambia awaachie chenji. Mama yule alitulia, akadai, akapata, akashuka na heshima yake. Aliyebaki anatokwa jasho ni konda.

Na ninyi wenye magari yenu msicheke, nimewaona. Foleni ya Tazara haisogei, mtu anachomekea kwa bega, anapiga honi kwa kiwiko, anatoa kichwa dirishani kumtaja mama wa mwenzake kwa sifa ambazo mama wa watu hanazo, na pale kwenye kioo cha ndani rozari inaning'inia, inabembea kwa kila tusi. Anawahi wapi huyu? Anawahi misa ya kwanza! Tena akichelewa atalalamika kwamba dereva wa mbele yake hana hofu ya Mungu.

Haya, twende kanisani kwenyewe, isije ikaonekana tunawaonea watu wa barabarani. Mnaujua ule mnada wa baada ya ibada, Jumapili ya mavuno. Huyu kaleta mkungu wa ndizi, yule debe la mahindi, mwingine jogoo aliyefungwa miguu ambaye amewika mahubiri yote kumzidi mhubiri, na bibi mmoja kaleta yai. Desturi nzuri kabisa, kwa sababu asiye na noti naye anapata cha kutoa. Lakini ngoja mnada uanze! Yai la bibi linapanda mpaka bei ya trei nzima, kisha trei mbili, na wanaopandisha bei wala hawalitazami yai. Wanageuka nyuma kuangalia nani kawaona. Bwana mmoja akalishinda. Mtangazaji, kwa furaha, akasema limechukuliwa na mzee wetu pale mbele. Mzee wetu pale mbele! Bwana akasimama, akaomba kipaza sauti, akasahihisha: yeye ni Mheshimiwa, tena ni Daktari, tena ni Injinia, tena ni mjumbe wa kamati ya ujenzi, na kwa kuwa taarifa zake hazikutajwa ipasavyo, yai analirudisha linadiwe upya. Likanadiwa upya. Likazunguka mikononi mwa waheshimiwa mpaka likapasuka kwenye kiganja cha mzee wa kanisa, na mimi nikaona yai lile lilikuwa na akili kuliko waumini.

Maskini wa roho ni mtu anayejua kwamba mbele za Mungu amekuja mikono mitupu. Sisi tunakwenda mbele za Mungu na wasifu wa kurasa nne, na vyeti vimegongwa muhuri. Mwalimu Nyerere aliongoza nchi hii tangu uhuru mpaka alipong'atuka 1985, na uzeeni akazitia Injili kwenye utenzi wa Kiswahili, beti kwa beti, Heri za mlimani zikiwamo, Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho wakazichapa. Hamkusikia hata siku moja ameagiza aitwe Mheshimiwa Mtunzi Mkuu. Tulimwita Mwalimu, akaitika. Leo mtu akipewa kuongoza kamati ya kununua viti vya plastiki, wiki inayofuata mke wake anatakiwa kumwita Mwenyekiti.

Halafu kuna mzee mmoja tunamtendea vibaya, naye ni Luka. Kila sebule ya Mkristo ina kalenda au fremu yenye Heri za Mathayo, na chini yake maua. Niambieni nani aliwahi kuona za Luka zimetundikwa! Hamuwezi kuziona, maana Luka, sura ya 6, hana mzaha. Heri zake ni nne, na hazizungumzii umaskini wa rohoni. Anasema maskini, basi, anasema wenye njaa, wanaolia, na wanaochukiwa. Hajakaa sawa anaongeza ole nne: kwa matajiri, kwa walioshiba, kwa wanaocheka, na kwa wale wanaosifiwa na kila mtu. Hebu fikirieni hizo ole nne zimetundikwa juu ya meza kuu ya harusi, pale anapokaa mgeni rasmi! Tena angalieni na mahali. Mathayo anasema Yesu alipanda mlimani akaketi. Luka anasema alishuka akasimama mahali tambarare. Sisi ndio watu wa tambarare, mvua ikinyesha Jangwani tunajua wenyewe, na bado mwinjilisti wa tambarare hatumtaki sebuleni.

Heri ya wenye huzuni nayo tumeifanyia vituko. Hao wameahidiwa kufarijiwa. Sasa fika msibani uione faraja ya mjini. Mfiwa hajakaa vizuri kwenye mkeka, keshazungukwa: nyamaza, jikaze, usilie, wewe ni mwanamume, mshukuru Mungu. Anyamaze kwa nini? Yesu mwenyewe aliyewapa heri wanaolia alilia Lazaro alipokufa, imo kwenye Yohana sura ya 11, na hakuna mtume aliyethubutu kumwambia ajikaze. Lakini mfiwa wa Temeke ananyang'anywa hata machozi yake, na huko nje chini ya turubai kamati inakesha ikibishana: sare ziwe za kitenge cha zambarau au fulana zenye picha ya marehemu? Shemeji anaulizia hati ya nyumba, mwili haujafika kutoka hospitali. Na yule dada wa kwaya, ninyi nyote mnamjua, kaja na hotipoti lake la kubebea pilau ndani ya mkoba wa Biblia. Tobaa!

Mkitaka kumwona mfariji, msimtafute siku ya umati. Subirini turubai ling'olewe na viti virudi kwa mwenyewe. Ndipo anapoingia jirani mwenye genge la mboga, anachota maji, anasugua masufuria yaliyoungua, anamfulia mjane mashuka, anakaa naye mpaka giza linaingia bila kumwambia neno lolote la hekima. Siku ya mazishi jina lake halikusomwa, kwa sababu rambirambi yake ilikuwa mafungu mawili ya mchicha na mchicha hauandikwi kwenye daftari. Mkewe Injinia aliandikwa ukurasa wa kwanza, na hajaonekana tena tangu pale.

Nikumbushe rehema, nisije nikaisahau, ingawa ningependa kuisahau kwa amani ya moyo wangu. Akina mama wa jumuiya moja wakaanzisha kikoba. Jambo jema, nani asiyejua jinsi mikopo ya kausha damu ilivyowamaliza watu mitaani? Kikafunguliwa kwa sala, kikapewa jina la kiroho. Mwenzao mmoja mtoto akalazwa, marejesho yakamshinda, akaomba muda. Wajumbe wakaenda kwake kwa msafara. Wakafungua kwa pambio. Wakabeba runinga, wakabeba jiko la gesi, wakabeba godoro. Wakafunga kwa sala. Nawaapia, wakafunga kwa sala, na mwenye godoro akaitikia amina!

Siku chache baadaye, kanisani kwao hukohuko, mzee mmoja mwenye dhamana ya fedha za mabati, ambaye mabati hayakuonekana wala fedha hazikuonekana, akasimama mbele ya waumini na leso nyeupe, akalia, akaomba rehema. Akapewa! Kwa makofi, kwa vigelegele, na bahasha ya kumpa pole kwa jaribu alilopitia. Ndipo nilipoelewa kwamba rehema yetu inajua kupanda ngazi tu, kushuka haijui. Mkubwa akianguka, shetani kamjaribu. Mdogo akianguka, ndiyo tabia yake, na godoro lake li wapi?

Mathayo huyohuyo, sura ya 18, anatusimulia mtumwa aliyesamehewa na bwana wake deni la talanta 10,000, akatoka nje akakutana na mwenzake anayemdai dinari 100, akamkaba koo. Watu wakisoma hapo wanamcheka yule mtumwa kwa kukaba mtu kwa hela ndogo. Msicheke haraka. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo dinari 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Lilikuwa deni la kweli, lenye uchungu wa kweli, na hapo ndipo kisa kinapotubana. Rehema ya kumsamehe mtu hela ya vocha kila mtu anayo, hata wale wa godoro wanayo. Inayotafutwa ni ile inayomsamehe aliyekuumiza kweli, ukiwa na daftari mkononi na mashahidi nyuma yako.

Njaa na kiu ya haki tunazo, tena za kupita kiasi, ila ni kwa haki zetu wenyewe. Ikifika haki ya mwenzetu tunashiba haraka sana. Moyo safi naupita bila kusimama, kwa kuwa naona simu zote hapa kijiweni zimelazwa kifudifudi.

Ila kwa upatanishi, jamani, hapo mji wetu umefika kileleni. Mtaani kwetu kuna bwana alikwenda hija Nchi Takatifu. Tulimchangia, tukamsindikiza uwanja wa ndege kwa kwaya. Akarudi na chupa ya maji ya Yordani na simu iliyojaa picha. Akatuonyesha lile Kanisa la Heri lililo kilimani juu ya ziwa la Galilaya, lililochorwa na msanifu wa Kiitaliano Antonio Barluzzi na kukamilika 1938. Akatufafanulia kwamba limejengwa kwa pande nane, kila upande kwa Heri moja, na kwamba aliposimama katikati yake machozi yalimtoka. Na sisi yakatutoka. Wiki haijaisha, bwana huyo akashusha tofali akajenga upande wa tisa: ukuta uliokatisha uchochoro ambao majirani wanapita tangu mtaa ule ukiwa minazi mitupu!

Mama wa nyumba ya nyuma akawa hana pa kutokea na ndoo. Akaenda kwa mjumbe. Mjumbe akasema suala ni zito, aende serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa akasema ni zito zaidi, aende Baraza la Kata. Na mabaraza haya, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kwenye migogoro ya ardhi hayakati tena shauri. Yanasuluhisha tu, yakishindwa ndipo watu wanaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Yaani Serikali imetuwekea wapatanishi rasmi, wenye meza na daftari! Lakini siku ya kikao wakafurika wapatanishi wasioitwa. Kila mmoja anaanza na "mimi sipendi ugomvi, ila", na baada ya hiyo "ila" anashusha maneno ya robo saa aliyoyachota upande wa pili. Mwenye ukuta akamsihi mama awe mpole. Mama akamkumbusha mwenye ukuta awe na rehema. Mwenye ukuta akasema anaudhiwa kwa sababu ya haki. Heri zikarushwa huku na huku mpaka katibu akaweka kalamu chini. Wakaondoka kila mmoja ameshinda, na ukuta umesimama palepale.

Aliyekuja kuumaliza ugomvi huo ni mzee wetu mcheza drafti wa hapa kijiweni, Mwislamu wa swala tano, ambaye hana habari na Mathayo wala Luka. Bwana wa ukuta alipita hapa jioni, akaamkia kama ada.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nikumbushe, lile kanisa la huko ulikokwenda lina kuta ngapi?"

"Nane, mzee."

"Na mlango?"

"Upo, mzee."

"Basi kuta nane zote zimewaachia watu mlango, huu wako mmoja umekuwaje?"

Akarudisha macho kwenye drafti, akala kete mbili. Bwana alibaki amesimama, anafungua mdomo, anafunga. Haikupita siku nyingi fundi akaonekana anautoboa ukuta. Lakini msipige vigelegele kwanza: pale palipotobolewa pamewekwa geti, juu ya geti pameandikwa neno la ukaribisho kwa rangi nyekundu, na funguo anakaa nazo yeye. Upatanishi wa mjini huo, unalipwa kwa mafungu.

Sasa ya nane, ya wanaoudhiwa. Hiyo ndiyo inayopendwa kuliko zote, maana kila aliyekemewa anakimbilia humo kujificha. Mtu anaingia kazini saa nne kila siku, akipewa barua ya onyo anasimama kwenye maombi ya Ijumaa kutangaza kwamba bosi anampiga vita kwa ajili ya wokovu wake. Mhubiri anafunga spika dirishani mwa watu, anakemea mapepo mpaka alfajiri. Watoto wana mtihani, mgonjwa hajafumba jicho, mapepo yenyewe yameshahama yakatafute usingizi. Watu wa mazingira, NEMC, wakija na kipimo cha kelele, analia kwamba kanisa linateswa. Wanaoteswa ni akina nani, mchungaji? Si sisi?

Heri hiyo ina masharti, na masharti ndiyo tunayoyaruka. Uteswe kwa ajili ya haki, na mabaya unayosingiziwa yawe ya uongo. Ukisemwa kwamba umekula mchango wa harusi, na kweli mchango wa harusi umeula, hapo hujaingia kwenye Heri. Hapo umeingia kwenye taarifa ya habari.

Jirani zetu wa Uganda wanaijua bei yake halisi. Kati ya 1885 na 1887, enzi za Kabaka Mwanga, vijana Wakatoliki na Waanglikana waliuawa kwa imani yao, na wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Leo hii wanakumbukwa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Na Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu, alikamatwa akauawa, na wananchi wakatangaziwa kwamba ni ajali ya gari. Huyo alisema kweli mbele ya mwenye bunduki, kwa niaba ya watu wasiokuwa na pa kusemea. Sasa wewe uliyeombwa upunguze sauti saa tisa za usiku, unataka ukae benchi moja na hao? Nasonya hapa mpaka ulimi unauma.

Mwaka 2018 Papa Fransisko alitoa wosia wa kitume uitwao "Gaudete et Exsultate", akazipitia Heri moja baada ya nyingine, na akasema tusidhani watakatifu ni wale wa kwenye picha tu. Wapo wa mlango wa pili, majirani zetu hawa hawa. Jumapili moja padri akalieleza jambo hilo vizuri sana. Mngeona! Kila muumini akageuka kumtazama wa pembeni yake kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akatikisa kichwa taratibu: hapana, si huyu. Hakuna aliyewaza kwamba wa pembeni naye ana mlango wa pili, na huo mlango wa pili ndio wa kwako wewe.

Basi kijiwe kimekaa, kimejadili, kimetoa amri, na haikatiwi rufaa. Kuanzia leo, mwenye kutaja Heri ailipie papo hapo. Ukitaja rehema, umefuta deni unalodai, si lile unalodaiwa. Ukitaja upole, umempisha aliyekuchomekea. Ukitaja upatanishi, umeyameza yale maneno yote ya baada ya "ila". Ukitaja wenye huzuni, tutakukuta msibani na steliwaya mkononi. Ukitaja maskini wa roho, nenda kalinunue yai la bibi ukakae, hata wakikuita mzee wetu pale mbele. Tulipoipitisha tu, kimya kikatanda hapa. Fundi cherehani, aliyetuhubiria kusameheana tangu asubuhi, akakumbuka ghafla ana suruali ya mtu ya kupiga pasi.

Na wewe unayesoma huku unacheka peke yako, nakuona. Tangu kwenye daladala umeshawapata wa kuwatumia gumzo hili: wa hotipoti unamjua, wa godoro unamjua, wa ukuta ni shemeji yako kabisa, na kidole kimeshaelekea kwenye kundi la jumuiya. Kishushe! Kuna mtu anakudai, na kuna mtu unamdai. Wa kwanza mlipe, wa pili mwachie, halafu urudi hapa na moyo mweupe, tuendelee kuwasema wengine.